Nani Apewe Siri ya Moyo?



Katika kila mtaa wa Kanisa wamo watu wanaosimama pamoja nasi Jumapili, wanaimba, wanatoa sadaka, wanasalimiana vizuri mlangoni, kisha wanarudi nyumbani na mzigo ambao hawajapata kumwambia mtu. Yumo mama asiyepata usingizi tangu alipofiwa na mtoto wake. Yumo kijana aliyemaliza masomo akakosa kazi, na sasa hushinda kitandani, na jamaa zake wasema ni mvivu. Yumo baba ambaye hasira yake imewafanya watoto wamkimbie, naye mwenyewe hajui hasira hiyo yatoka wapi. Tukiwauliza habari zao watajibu kuwa ni njema, maana ndivyo sote tulivyofundishwa kujibu.

Siku hizi watu kama hao huambiwa, "Nenda ukamwone mshauri." Neno hilo ni jema, lakini halitoshi. Mshauri yupi? Je, ni haki kumfunulia mgeni mambo ambayo hata ndugu wa tumbo moja hawayajui? Na mgeni huyo ataaminiwaje kabla hajajulikana? Haya si maswali ya hospitali peke yake. Ni maswali ya adili, kwani yanahusu tunavyopaswa kuchukuliana sisi kwa sisi. Napenda tuyafikirie pamoja, polepole.

Wazee wetu walituonya tusianike mambo ya nyumbani barazani. Wazee hao hao walisema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wetu tumelishika sana lile onyo la kwanza, na haya mengine tumeyaacha. Lakini ukitazama vizuri hayapingani. Mama anayejifungua hujisitiri asionwe na kijiji kizima, wala hajisitiri mbele ya mkunga. Angejisitiri hata mbele ya mkunga, angekufa yeye na mtoto. Kwa hiyo hatuulizi kama mtu aseme au anyamaze. Tunauliza amwambie nani, na huyo aliyeambiwa anadaiwa nini.

Wako wanaosema, "Mimi nina ndugu, nina wazee, nina wasimamizi wangu wa ubatizo. Kwa nini nimwendee mtu baki?" Hoja hii ni nzito, wala haifai kuidharau. Hata hivyo tukumbuke desturi zetu wenyewe. Msichana alipovunja ungo, mambo mengi hakuambiwa na mama yake mzazi, bali na kungwi au somo wake. Kijana alipotaka kuoa hakwenda kujisemea mwenyewe kwa wakwe, alimtuma mshenga. Msibani, maneno ambayo wafiwa wasingeweza kuambiana yalisemwa na mtani, na hakuna aliyekasirika. Wazee walijua ya kuwa yako maneno ambayo mtu wa ndani ya nyumba hawezi kuyasikia vizuri wala kuyasema vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe yumo katika jambo lile.

Chukua mfano. Ukimwambia kaka yako kwamba ndoa yako inakutesa, kaka huyo ana lake moyoni: labda alikula mahari, au labda hakumpenda shemeji yake tangu mwanzo. Ukimwambia mama yako kwamba umechoka kuishi, utamtia hofu kubwa hata itakulazimu wewe uliyelemewa umtulize yeye. Hawa wote wanakupenda, na kwa kuwa wanakupenda hawawezi kukaa kando na kukusikiliza tu. Mtu baki aliyefunzwa hana mahari aliyokula wala shemeji anayemchukia. Hiyo ndiyo faida yake. Hachukui nafasi ya ndugu, kwani baada ya saa moja ya mazungumzo utarudi nyumbani, na huko ndiko kwenye watu wa kukupikia uji na kukuamsha asubuhi. Yeye hufanya kazi ya mkunga, na ndugu hufanya kazi ya kulea.

Wengine husema, "Lakini mtu huyo analipwa. Huruma ya kulipwa ni huruma gani?" Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, nami nilipokea mshahara kila mwezi. Mshahara ule ulinunua muda wangu na ujuzi nilioupata Chuo cha Ualimu. Haukununua furaha niliyoipata mtoto mzito alipoanza kusoma, na ambaye hakuwa na furaha hiyo mshahara haukumpa. Ndivyo ilivyo kwa mshauri, kwa mganga na kwa muuguzi. Malipo hayathibitishi upendo wala hayaukanushi. Tena malipo yana uhuru wake. Msaada wa jamaa mara nyingine huwa deni lisilokwisha, nawe utakumbushwa siku ya ugomvi mbele ya watu. Mshauri ukishamlipa haki yake, hakudai shukrani wala utii. Ubaya wa malipo uko mahali pengine, nao ni kwamba wasio na fedha hukosa msaada. Jambo hilo linatuhusu sote, nami nitalirudia.

Basi tuone yaliyojifunzwa na waliofanya kazi hii. Mwaka 1935 padre kijana wa Kianglikana katika mji wa Lincoln, Uingereza, jina lake Chad Varah, alimzika msichana mdogo aliyejiua. Msichana yule alikuwa ameanza kupata siku zake, akadhani amepatwa na ugonjwa mbaya, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Padre Varah hakumsahau. Mwaka 1953, akiwa padre wa kanisa la Mt. Stefano, Walbrook, mjini London, alitangaza namba ya simu kwa watu waliokata tamaa. Watu wakaja wengi kuliko nafasi aliyokuwa nayo. Wasaidizi wa kujitolea wakawa wanakaa na wale waliongojea zamu, wanawapa chai na kuwasikiliza. Padre akaona jambo la ajabu: wengi wa waliokwisha kuzungumza na wale wasaidizi hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi kazi ya kusikiliza, na chama hicho, Samaritans, kingali kikifanya kazi hadi leo.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika juu ya yale yanayomwezesha mtu kubadilika mbele ya mshauri wake. Kwa ufupi alitaja sifa tatu za mshauri: amheshimu mtu bila masharti, ajitahidi kuyaona mambo kama mwenyewe anavyoyaona, na awe mkweli asiyejifanya. Mwaka 1979 Mmarekani mwingine, Edward Bordin, alieleza kwamba uhusiano wa kazi hii una nguzo tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kifungo cha moyo kati ya hao wawili. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya matokeo ya uchunguzi 295 uliohusu wagonjwa zaidi ya 30,000. Wakaona kwamba uhusiano mwema unaendana na kupata nafuu, na kwamba ni hivyo hata kama washauri wanatumia njia mbalimbali za kutibu. Si kwamba uhusiano ndio kila kitu, lakini haukosi kuwa na sehemu yake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi watoka Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili. Mgonjwa wake mmoja, binti kijana, alijiua baada ya kukosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, daktari huyo alianza kuwafundisha akina bibi 14 namna ya kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Akina bibi hao walijua kwamba hakuna atakayekubali kuonekana amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili, hivyo likaitwa benchi la kupeana mashauri, na kwa Kiingereza Benchi la Urafiki. Hawakutumia majina magumu ya ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na kila mtu alilielewa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliokaa na washauri hao, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila 100. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Basi yule asiye na fedha hakosi msaada kwa sababu msaada hauwezekani. Hukosa kwa sababu hatujaupanga.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mtu akienda kununua ng'ombe humtazama meno, lakini akienda kumkabidhi mtu moyo wake huona haya hata kuuliza. Haifai. Muulize mshauri amesoma wapi na kwa muda gani. Muulize kama amewahi kusaidia watu wenye shida kama yako. Muulize yeye mwenyewe anasimamiwa na nani, maana mshauri mwema hafanyi kazi peke yake kama mfalme. Muulize malipo ni kiasi gani, na kama hakuna nafuu kwa wasio na uwezo. Zaidi ya yote, muulize atafanya nini na maneno yako. Jibu la kweli si "Sitamwambia mtu yeyote kamwe." Jibu la kweli ni kwamba atayatunza, isipokuwa akiona maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhulumiwa, na kwamba hapo atakueleza wewe kwanza kama inawezekana. Anayekuwekea mpaka wazi ni mwaminifu kuliko anayekuahidi giza lisilo na mwisho.

Kadhalika ziko dalili za kukimbia. Akikuahidi kupona kabisa kwa siku saba, mkimbie. Akikuambia uache dawa ulizopewa na daktari, mkimbie. Akikusimulia siri za wengine, jua kwamba za kwako zitasimuliwa kesho. Akitaka kukushika mwili au kukufanya mpenzi wake, huyo si mshauri, ni mwindaji, na yafaa ashtakiwe. Na akitumia saa nzima kukueleza maisha yake, basi jiulize nani kati yenu anashauriwa.

Lakini hata tukiisha kuuliza yote, linabaki swali gumu. Ukimwamini mtu kabla hujapata ushahidi, wewe ni mpumbavu. Ukingoja ushahidi wote, hutaanza kamwe, kwa sababu ushahidi wa uaminifu hupatikana kwa kuaminiana. Je, mtu atatokaje hapo?

Watoto wa shule walinifundisha jibu. Mtoto mwenye jambo zito hamjii mwalimu na jambo lenyewe. Huja wakati wa mapumziko na kusema, "Mwalimu, kuna mwenzangu mmoja baba yake humpiga sana." Kisha anamtazama mwalimu usoni. Mwalimu akicheka, au akiuliza kwa ukali, "Mwenzako gani?", mtoto huenda zake na hatarudi. Mwalimu akisema, "Mwenzako ana shida kweli, na si kosa lake," mtoto hurudi wiki ijayo na kusema kidogo zaidi. Mtoto huyo hadanganyi. Anakopesha senti moja aone kama italipwa, kabla ya kukopesha shilingi. Naona hiyo ndiyo hekima tunayoitafuta. Imani haitolewi yote kwa siku moja wala haizuiliwi yote. Hutolewa kwa sehemu ndogo, na kila sehemu iliyotunzwa huifungulia mlango nyingine. Kwa hiyo mtu asijilazimishe kusema yote siku ya kwanza, wala mshauri asimharakishe. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kama baada ya siku tatu nne moyo haujatulia? Hapo pana haja ya kupambanua. Kidonda kikioshwa huuma, na mazungumzo ya kweli nayo huuma. Mtu anaweza kumchukia mshauri kwa sababu tu amegusa palipo na usaha. Kwa hiyo kabla hujaondoka, mwambie: "Maneno yako ya juzi yaliniumiza," au "Naona hunielewi." Mshauri mwema hatakasirika. Atauliza zaidi, na akiwa amekosea atakiri. Mara nyingi ni katika kutengeneza kilichovunjika ndipo watu wawili huanza kuaminiana kweli. Lakini akijitetea, au akikulaumu, au ukiona mmejitahidi na hamwelewani, tafuta mwingine bila kuona haya. Si usaliti. Viatu vya mtu mwema vyaweza kukubana vilevile.

Yanipasa pia kusema neno juu ya mapadre wetu, kwa kuwa wengi huanza kwao. Maungamo ni jambo moja, na ushauri ni jambo jingine. Katika maungamo mtu huja na dhambi yake kutafuta ondoleo, na siri yake ni ya tangu kale. Kanuni ya 113 ya Kanisa la Uingereza, ya mwaka 1603, ilimwonya padre asifunue aliyoambiwa. Lakini mwenye sonona hana dhambi ya kuungama kwa sababu ya ugonjwa wake, na akipewa kitubio kwa ugonjwa ataongezewa mzigo. Padre mwenye hekima hujua mahali ujuzi wake unapokoma. Humwombea mtu, tena humsindikiza kwa wataalamu: Mirembe huko Dodoma, Lutindi wilayani Korogwe, Kidongo Chekundu kule Unguja, Muhimbili, au hospitali ya mkoa iliyo karibu. Sala na dawa hazigombani.

Sisi waumini nasi tuna deni. Nataka nilitaje jambo ambalo hatulipendi. Iko desturi ya kusimama katika mikutano ya sala na kusema, "Tumwombee dada fulani, mume wake amerudia ulevi na amemfukuza nyumbani." Tunafumba macho, na siri ya mtu imekwisha kupita kwa watu arobaini. Sala ya namna hiyo ni umbea uliovaa kanzu. Mungu halazimiki kuelezwa habari zote kwa sauti ili ajue. Dada yule akisikia, na atasikia, hatamwambia mtu wa Kanisa neno lolote tena, na pengine neno alilolinyima Kanisa ndilo lingemwokoa.

Tukumbuke rafiki zake Ayubu. Walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walianza kumwumiza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini amepatwa. Wengi wetu hatuwezi hata dakika saba. Mtu akianza tu, "Siku hizi silali," tunamjibu, "Hata mimi," au "Omba tu," au "Wako wenye shida kuliko wewe." Si kila mtu aweza kuwa mshauri, lakini kila mtu aweza kujifunza kuuliza swali moja na kungoja jibu lake.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Wewe uliyelemewa, usitafute mtu mkamilifu, maana hutampata. Tafuta mtu aliyefunzwa, anayesimamiwa, anayekueleza mipaka yake, nawe umpe sehemu ndogo kwanza. Wiki hii mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi kwamba unahitaji kusindikizwa, hata kama huwezi kumweleza sababu. Lakini kama mawazo ya kujiua yamekujia, usingoje wiki iishe. Mwambie mtu leo hii, naye asikuache peke yako mpaka mfike hospitali. Wewe uliyeambiwa, usikimbilie kutoa shauri, wala usilipeleke neno hilo penginepo, hata kwa mke wako au mume wako, isipokuwa maisha yamo hatarini. Na hapo mwambie mwenyewe kwamba utatafuta msaada, kisha mwende pamoja. Nao wazee wa Kanisa, na Umoja wa Akina Mama, wafikirie kama mtaa wetu hauwezi kuwa na akina mama na akina baba wachache waliofundishwa vizuri, wenye midomo mizito, na benchi chini ya mwembe. Harare ilianza na akina bibi 14. Sisi twaweza kuanza hata na wawili.